Gitaa la Bati na Mawe Yaliyoanikwa

Kosa langu la kwanza katika kazi ya kurekodi lilikuwa kuyaamini mawe yaliyoanikwa juani. Mawe, rafiki yangu, ndivyo tulivyoziita betri za redio. Zikichoka tulizipanga juu ya paa zishike jua, na jioni zilirudi na nguvu kidogo, kama mgonjwa aliyekunywa uji. Kosa hilo nililikumbuka juzi, nilipokuwa natundika blanketi ukutani mwa chumba changu hapa Biharamulo ili gitaa lisipige mwangwi. Ninapiga gitaa zito, lile la mngurumo, ambalo jirani yangu huniuliza kama ni mashine ya kusaga iliyoharibika. Vijana huja kuniuliza waanze na vifaa gani vya bei nafuu. Nawaambia blanketi, gunia la maharage, na moyo wa kurudia. Siwaambii kwamba huo moyo wa kurudia uliwahi kuniponza, kule Nyakisasa, wakati wa vita.

Tulikuwa tumeshahamia kijiji cha ujamaa. Nyumba zilipangwa mistari, milango ikitazamana, na migomba yetu tuliiacha mlimani, tukawa tunaipandia kwa miguu kila tulipotaka ndizi. Asubuhi kipande cha reli kiligongwa, wakubwa wakaenda shamba la kijiji. Jioni harufu ya maharage ilitoka nyumba zote kwa pamoja, hata usingeweza kusema ni ya nani. Lakini nyumba yetu ilijulikana kwa masikio, kwa sababu ya gitaa la kaka yangu. Alilitengeneza kwa debe la mafuta na ubao wa mlango wa zamani, nyuzi akazichambua kutoka kwenye waya wa breki za baiskeli. Karibu na nyuzi alifunga vizibo vya soda vilivyotobolewa, navyo vilitetema kila alipopiga, sauti ikatoka na mikwaruzo, nzito, kama kitu kinachoburutwa chini ya ardhi. Nilipoisikia mara ya kwanza nilisisimka mpaka shingoni. Sikujua kuwa debe linaweza kukasirika.

Vita vilipoanza, kaka alikuwa kwenye mgambo, akaambiwa ajiandae, lori lingekuja. Mama hakulia mbele ya watu. Alichukua mkungu wa ndizi akaenda kwa mwalimu, mtu pekee katika mstari wetu aliyekuwa na redio ya kaseti, akamwomba aiazime ili sauti ya mwanawe ibaki nyumbani. Alisema waziwazi kwamba anayekwenda vitani anaweza asirudi, na hataki ifike siku akaisahau sauti yake. Mwalimu akatoa redio na kaseti moja, akaonya kuwa mawe yake yamechoka. Dukani hayakuwapo. Hata Kabanga mpakani, ambako vitu vya ng'ambo vilipenya kimyakimya, watu walirudi mikono mitupu. Basi tukayaanika.

Kazi ya kurekodi nilipewa mimi, maana nilikuwa nimejifunza vitufe vyote kwa kumchungulia mwalimu. Mama alinipa agizo moja tu.

"Usiniletee kuku wala mbuzi humo. Nataka yeye."

Nililichukua agizo lile kama sheria. Nilitundika mablanketi kwenye kuta. Redio niliiweka juu ya gunia la maharage, kwa kuwa mezani ilitetemeka. Nilimsogeza kaka karibu, nikamrudisha nyuma, nikamsogeza tena. Akaimba wimbo aliotunga mwenyewe, wa kumuaga mama. Ulikuwa mzuri ajabu, lakini katikati mtu alikohoa nje. Nikafuta. Akaimba tena, mbuzi akalia. Nikafuta. Mara nyingine hapakuwa na kelele yoyote, ila niliona gitaa limepiga kwa nguvu mno, sauti imepasuka redioni. Nikanyoosha kidole kufuta.

"Wewe, iache ipasuke," kaka aliniambia. "Mimi siendi harusini."

Nikafuta vilevile. Alicheka, akaniita meneja, akaanza upya. Hivyo ndivyo tulivyomaliza mchana na mawe pamoja. Mara ya mwisho ilitoka safi, na niliporudisha nyuma kusikiliza ilikuwa sawasawa na yeye. Nilijisikia mtu mkubwa. Kesho yake lori lilikuja, akapanda na wenzake, gitaa akaliacha limening'inia ukutani.

Siku nyingi baadaye mwalimu alikwenda mjini Ngara, akarudi na mawe mapya kabisa. Mama aliita majirani, akatandika mkeka, akakaanga karanga. Nikabonyeza. Kilichotoka ni sauti nyembamba, ya mbiombio, na gitaa lililolia kama njuga za mguuni.

"Jamani, mmerekodi kifaranga?" akasema jirani yetu, mama mmoja aliyetoka Burundi, na mkeka mzima ukacheka.

Mwalimu ndiye aliyenieleza. Mawe yaliyochoka yaliizungusha kaseti polepole wakati wa kurekodi. Sasa mawe mapya yanaikimbiza. Rekodi zile za mwanzo, zilizorekodiwa mawe yakiwa bado na nguvu, zingetoka vizuri. Zile nilizozifuta. Nilitamani ardhi inimeze. Nikanyoosha mkono kuzima, mama akaushika. Hakuwa anacheka.

"Mwache," alisema. "Hivi ndivyo alivyokuwa akiongea akiwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Nilikuwa nimesahau."

Mwalimu aliiacha redio kwetu, na tangu hapo mama alimsikiliza kaka kila jioni baada ya shamba, akichambua maharage. Mimi nilikaa karibu, nikiona aibu. Kisha nikaanza kusikia jambo ambalo mpaka leo sijapata kusikia la kushangaza kama hilo. Mawe yalikuwa yanachoka kidogo kidogo, na kaka alikuwa anakua. Mtoto wa kuchunga mbuzi aliondoka, akaja kijana ambaye sauti inamvunjika. Jioni moja alifika yeye mwenyewe, kaka kamili, na vizibo vyake vikikwaruza kama alivyovifunga. Mama aliweka ungo chini. Tulimsikiliza mpaka mwisho bila kutazamana.

Nilidhani itaishia hapo. Lakini mawe hayakujua kusimama. Wiki iliyofuata sauti iliendelea kushuka. Wimbo ukawa wa taratibu, maneno yakawa marefu, na lile debe la mafuta likawa radi inayotembea juu ya vilima vya Burundi. Vyombo viliitika rafuni. Ndani ya radi ile aliimba mzee, mwenye kifua kipana, asiye na haraka, akimuaga mama yake. Vinyweleo vilinisimama. Muziki wote mzito ninaoutafuta leo kwa mashine zangu, ninautafuta kwa sababu niliusikia siku ile.

"Kumbe atazeeka vizuri," mama alisema, kwa sauti ndogo.

Kisha redio ikakata. Mwalimu alikuwa tayari kuyaanika mawe tena, mama akamwambia asisumbuke.

Vita vilipokwisha, vijana wengine walirudi. Kaka hakurudi. Mwalimu alituachia kaseti, tukaitunza kwenye kopo la chai, lakini mvua za miaka ile ziliingia paani, utepe ukaota ukungu na kushikana. Mama amefariki. Mistari ya nyumba imevunjika, watu wakarudi kwenye migomba yao, na jirani aliyecheka kifaranga sijui aliishia wapi. Siku hizi naweza kuishusha sauti yoyote kwa kidole kimoja, kadiri nipendavyo, na mashine haichoki. Gitaa likipasuka naliacha lipasuke. Sijafuta kitu tangu siku ile. Nami nimeshakuwa mzee, mkubwa kuliko kaka yangu.