Stendi ya Bodil Mlangoni kwa Ingeborg

Bodil Vestergaard alikuwa na sheria moja, na kila mtu katika usharika wetu aliijua: stendi yake ya taa haiguswi. Ukiisogelea hata kwa nia njema ya kumsaidia kubeba, atakutazama mpaka ukumbuke kwamba una kazi kwingine. Ametupiga picha za ubatizo, kipaimara, harusi na mazishi kwa miaka thelathini na minane, na ishirini na mitano ya mwisho sijamwona akifunga flashi kwa haraka. Anafungua miguu mitatu ya stendi, anaikanyaga mmoja mmoja, anaugeuza mmoja uelekee upande ambao mzigo unalalia. Anafunga flashi juu, anachomeka mwavuli mweupe wa kulainisha mwanga, anakaza skrubu, halafu anaisukuma stendi kwa kidole. Anatundika vifuko vya mchanga. Anaisukuma tena.

Hakuzaliwa hivyo. Alifundishwa na asubuhi moja tu, mlangoni kwa jirani yangu Ingeborg.

Ilikuwa siku ambayo ndoa ya Ingeborg na Aksel ilitimiza miaka ishirini na mitano. Bodil alikuwa bado kijana, amenunua flashi mbili mpya na anaringa nazo. Upepo wa magharibi anaujua, amekua nao, lakini siku hiyo alisimamisha stendi mlangoni bila uzito wowote. Mwavuli ukashika upepo, stendi ikaanguka, chuma kikampasua Ingeborg paji la uso. Alishonwa nyuzi saba, lakini si nyuzi zilizouma. Sote tuliokuwa uani tuliona: Bodil alikuja mbio, akapiga magoti, akaiokota flashi. Akaigeuza na kuangalia kama kioo kimepasuka. Ndipo akamtazama mwanamke aliyekuwa akivuja damu.

"Aliikimbilia taa kwanza," Ingeborg alisema, mara moja tu, wala hakurudia. Baada ya hapo alikata nywele za mbele zikateremka mpaka kwenye nyusi. Wakikutana dukani, wale wawili walisalimiana kwa kichwa, kila mmoja akaendelea na rafu yake. Bodil alipeleka maua. Kuomba radhi kwa mdomo hakuweza. Sisi watu wa huku tutamchimbia jirani mtaro wiki nzima bila kunung'unika, lakini neno "nisamehe" hutukwama kooni, na mimi ni wa kwanza.

Septemba iliyopita ndoa yao ikatimiza miaka hamsini. Majirani tukafanya wajibu wetu: jioni ya siku iliyotangulia tulisimamisha tao la matawi ya msonobari kuzunguka mlango wa mbele, na juu yake tukabandika namba hamsini ya karatasi ya dhahabu. Kazi yangu ilikuwa miguu ya tao. Nilikuwa naikaza kwa waya wakati mke wangu, Gudrun, aliponijia na uso wa mtu aliyeshika habari.

"Unajua nani anapiga picha kesho?"

"Nani tena?"

"Bodil."

"Acha mzaha, Gudrun."

"Mzaha wa nini? Ingeborg mwenyewe ndiye aliyempigia simu."

"Anamtaka wa nini baada ya miaka yote hiyo?"

"Anataka kumtazama," alisema Gudrun. "Basi. Amtazame vizuri."

Asubuhi saa kumi na mbili tulikuwa uani watu arobaini na kitu, tukinyata gizani ili tusiwaamshe, ingawa kila mtu alijua kwamba Ingeborg alikwenda kwa msusi jana yake na amelala ameketi ili nywele zisiharibike. Ndivyo desturi ilivyo. Wenye sherehe hujifanya wamelala, nasi hujifanya tunaamini, mpaka tarumbeta ilie.

Bodil alikuwa amefika saa nzima kabla yetu. Kamera ilikuwa tayari juu ya tripodi, hatua kumi kutoka mlangoni, na stendi mbili za flashi zilisimama moja huku na moja kule. Nilimkuta akikaza skrubu ya ile ya upande wa ghalani.

"Troels, upepo unatoka wapi?" aliniuliza.

"Kaskazini-magharibi. Na utaongezeka."

"Sikukuuliza kama utaongezeka."

"Tulia, mama. Ni picha tu."

Alinigeukia. "Si picha tu. Kikianguka kitu leo, nafunga duka. Sisemi kwa kutania. Siwezi kumwona yule mama akivuja damu mbele yangu mara ya pili." Akatundika vifuko vitatu vya mchanga kwenye stendi ile, akaisukuma kwa kidole. Haikutikisika. "Na mtu asiguse."

"Nani aguse?" nilisema.

Alirudi kwenye kamera yake. Hapo ndipo niliposikia tao likilia. Upepo ulikuwa umezunguka kona ya ghala, na mguu mmoja wa tao, mguu wangu, ulikuwa unainuka na kutua, unainuka na kutua. Waya ulikuwa umelegea. Koleo lilikuwa nyumbani, na mpiga tarumbeta alikuwa ameshaanza kulamba midomo. Nikatazama huku na huku. Nikaviona vile vifuko. Vitatu, kwa taa yenye uzito wa mkate mmoja, na tao langu lenye uzito wa ng'ombe halina hata kimoja! Mkulima hawezi kuvumilia hesabu ya namna hiyo. Bodil alikuwa ameinamia kamera, amenipa mgongo. Nikatundua viwili, nikavikandamiza juu ya mguu wa tao, nikavifunika kwa matawi visionekane. Tao likatulia. Nilijisifu, sitawaficha.

Tarumbeta ikalia. Dirisha la juu likawaka taa, kila mtu akacheka, na baada ya muda mlango ukafunguliwa. Aksel alitoka na koti la suti juu ya pajama. Ingeborg alikuwa amemshika mkono, amevaa joho la bluu, nywele zimekaa sawasawa mpaka kwenye nyusi. Hakumtazama Aksel wala sisi. Alimtazama Bodil.

Tukaanza wimbo. Binti yao alikuwa ameutunga, beti tisa, kila mtu na karatasi yake. Na huku kwetu wimbo ukishaanza haukatishwi. Mvua inyeshe, mtu azimie, beti zote zitaimbwa. Flashi zikapiga mara moja, uani kukawa kweupe. Zikapiga tena.

Katika ubeti wa tatu upepo uliongezeka. Karatasi zikapigapiga mikononi. Niliuona mwavuli wa upande wa ghalani ukivimba, na mguu mmoja wa stendi ukaondoka chini, kidogo tu, kisha ukarudi. Kifuko kilichobaki kilikuwa kinabembea. Mwavuli ulikuwa unaelekea mlangoni, na mlangoni alikuwa amesimama Ingeborg.

Nilitaka kupiga kelele. Nilifungua mdomo, na mnajua kilichotoka? Ubeti wa nne. Niliuimba wote, nikiitazama stendi ile ikiinuka na kutua kama mguu wa tao langu. Watu arobaini walikuwa wanaimba habari za fungate ya Aksel na pikipiki yake mbovu, nami nikaona haya kuwakatisha. Mpaka leo nikikumbuka najichukia.

Bodil hakuona haya. Aliinua kichwa kutoka kwenye kamera, akaona, akakimbia. Mwanamke wa miaka sitini na mmoja, na viatu vizito, alikimbia katikati ya uwanja mbele ya waimbaji wote. Stendi ilikuwa imeshaanza kuja. Kwa hatua alizokuwa nazo angeweza kuidaka flashi hewani, mkono wake ulikuwa karibu kabisa. Aliipita. Alimkumbatia Ingeborg, akaupa upepo mgongo, na chuma kikamwangukia begani. Flashi ikapiga mawe ya kizingitini, vioo vikatawanyika mpaka kwenye slipa za Aksel.

Wimbo haukukatika. Aibu yetu iwe ya wote: tulimaliza beti zilizobaki, kwa sauti za kukwaruza, huku wale wawili wamesimama vilevile chini ya tao. Tulipofika mwisho kukawa kimya, na maneno yao yakasikika.

"Bodil," alisema Ingeborg, "taa yako imevunjika."

"Najua."

"Hujaitazama."

"Sijaitazama. Umeumia?"

"Sijaumia."

"Geuka nikuone. Umeumia?"

"Nimesema sijaumia, wewe!" Lakini alikuwa analia. Bodil naye alikuwa analia, na lile neno lililomkwama miaka ishirini na mitano likatoka, dogo sana, sisi wa nyuma tuliliona midomoni kwake tu.

Nikavua kofia, nikasema mbele ya watu kwamba vifuko nilivichukua mimi. Gudrun alinitazama mpaka nikatamani tao liniangukie.

"Nilijua ni mmoja wenu," alisema Bodil, akijishika bega.

"Basi, picha," alisema Ingeborg.

"Kwa taa moja uso wako utakuwa nusu giza."

"Tutangoja jua, basi. Mimi nina muda."

Tukangoja. Watu arobaini na kitu tulisimama kwenye upepo, kahawa inapoa ndani, mikate inapoa, chupa ya pombe chungu inatungoja mezani, na hakuna aliyethubutu kukohoa. Jua lilipopanda juu ya paa la ghala, Bodil aliinama nyuma ya kamera. Ingeborg alijinyoosha. Kisha akainua mkono, akazisukuma nywele za mbele juu utosini, akazishikilia hapo upepo usizirudishe, na kovu lake likaonekana lote.

"Piga sasa," alimwambia.