Nafasi Yetu ya Kwenda Mwanza

Niliusikia uwanja kabla sijauona. Pa. Kimya kidogo, kisha pa tena. Nilikuwa nimeshuka kwenye lori lililotoka Geita, sanduku la bati kichwani, nikipita nyuma ya madarasa ya chuo cha ualimu nilichopangiwa, nje kidogo ya mji wa Shinyanga. Nimekulia karibu na mgodi, mahali ambapo asubuhi ilianza kwa akina mama kuponda mawe ya dhahabu, na nilidhani hata huku kuna watu wanaponda kitu. Nilipokata kona nikaona kijana ameshika gongo la mninga, na mbele yake Mzungu mrefu wa kaptula akimrushia mpira kama anayefukuza mbwa jikoni.

Ilikuwa besiboli. Miaka ya sitini ilikuwa inaelekea mwisho, na nchi nzima ilikuwa inajifunza mambo mapya. Sisi tulipangiwa hilo.

Yule Mzungu alikuwa mwalimu wa kujitolea, tukimwita Mwalimu tu. Alikuwa ameutengeneza mchezo wake kwa vitu vya kwetu. Mipira ilikuwa vizibo vilivyozungushiwa nyuzi za pamba, na fundi viatu wa mjini akavishonea ngozi ya mbuzi. Vituo vilikuwa magunia madogo yaliyojaa mbegu za pamba. Unapiga mpira, unakimbilia gunia la kwanza, la pili, la tatu, kisha unarudi ulikoanzia na kukanyaga mfuniko wa debe. Ukiukanyaga, mmepata pointi.

Mtunza stoo, mtu wa pwani aliyeletwa bara na kazi na kubakizwa na ndoa, alisikiliza maelezo hayo mpaka mwisho.

"Yaani mtu anakimbia roho imtoke ili arudi pale pale alipokuwa?"

"Ndiyo," akasema Mwalimu.

"Huo si mchezo, bwana. Hiyo ni safari ya kikazi."

Mkuu wa chuo hakuujali mchezo huo hata kidogo mpaka ilipokuja barua. Ilisema vyuo vitatu vinavyocheza besiboli vishindane, na kitakachoongoza kitapata nafasi kwenye mashindano ya vyuo kule Mwanza. Mkuu hakujua gunia la pili liko wapi, lakini Mwanza aliijua. Jioni ile ile ikaundwa Kamati ya Safari. Tulikuwa hatujacheza mechi hata moja, na tayari lori lilikuwa limeombwa, na watu wake wameorodheshwa: Mkuu, makamu wake, mtunza stoo, mpishi, msaidizi wa mpishi, kwaya ya watu wanane, na mtu wa kushika bango. Chini kabisa, kwa mwandiko mdogo, waliandika: wachezaji, kadiri nafasi itakavyoruhusu.

"Wachezaji ni tisa, Mkuu," akasema Mwalimu.

"Tutaangalia," akajibu Mkuu.

Kisha akamwambia jambo lililotufanya sote tucheze kama tunadaiwa. Mkataba wa Mwalimu ulikuwa unakwisha. "Tukienda Mwanza, nakuandikia barua uongezewe mwaka. Tusipokwenda, uwanja unarudi kuwa shamba la pamba, nawe tunakuaga kwa heshima zote."

Mwalimu aliutaka mwaka ule. Alikuwa amepanda mipapai minne mbele ya nyumba yake, na kila jioni aliinyeshea kwa maji ya kuogea, akiizungumzisha kwa Kisukuma kibovu. Aliisalimia "mwadila", salamu ya jioni, kama watu wazima. Siku moja nilimkuta akipapasa shina la mmoja wao.

"Nataka kula papai langu mwenyewe," aliniambia. "Sitaki kitu kingine katika nchi hii."

Tumaini letu lilikuwa mwanafunzi mmoja, mtoto wa wafugaji, aliyekua akifukuza ndama mbugani. Alipokuwa akikimbia, vumbi jeusi la mbuga lilibaki nyuma likishangaa. Lakini mwezi ule ng'ombe wa kwao walikuwa wamepelekwa kwa wazazi wa mchumba wake, kijiji cha jirani na chuo, na tangu siku hiyo hakuweza kupita njia moja na mama mkwe wake. Kwetu Usukumani ni mwiko. Mkwe akimwona mama mkwe anakuja, anaacha njia na kuingia porini, anageuza uso mpaka apite. Mama naye anajifunika khanga na kushika upande mwingine. Asubuhi moja kijana wetu alichelewa darasani somo zima kwa sababu mama yule alikuwa amesimama kisimani akipiga soga. Tulicheka sana. Hakuna aliyemweleza Mwalimu, maana nani anamweleza mtu mzima kwamba jua huchomoza?

Tulikishinda chuo kimoja. Kikabaki cha upande wa Geita, na mechi ikawa kwetu. Kamati ya Safari ilijitwisha na mapokezi. Wageni walikalishwa kwenye viti vya ukumbini nyuma ya mfuniko wa debe, na ili wasione njaa, Kamati ikaagiza akina mama wauza karanga waketi papo hapo, karibu na wageni. Kwaya iliimba kila mpira uliporushwa, hata ule wa wapinzani.

Mpaka zamu ya mwisho tulikuwa sawa. Kijana wetu alikuwa amefika gunia la tatu. Mwenzake akapiga, mpira ukaruka juu ya vichwa ukaangukia kwenye mtama, na kijana akachomoka. Mstari wa majivu kutoka gunia la tatu hadi kwenye mfuniko ulikuwa mweupe, umenyooka, mwembamba, kama njia ya kwenda mnadani. Mwalimu alikuwa amesimama, mikono kichwani, mdomo wazi. Hatua kumi. Hatua saba.

Ndipo mama mmoja wa karanga, aliyekuwa amefichwa na viti vya wageni, aliponyanyuka na ungo wake kumfuata mteja, akaja kusimama mwisho wa mstari ule.

Kijana aliacha njia. Hakupunguza hata mwendo; alikata kulia kama swala, akapita kati ya kwaya, akaingia kwenye mtama na kugeuza uso. Mama naye alivuta khanga usoni na kukata kushoto, akajikuta mapajani mwa makamu wa mkuu, karanga zote chini. Mpira ukarudi, ukamkuta mdakaji wao amesimama peke yake juu ya mfuniko.

Mwamuzi, mwalimu kutoka chuo cha tatu, alifungua kitabu cha sheria na kukipekua kwa muda mrefu.

"Kitabu kinasema akiacha njia, ametoka," akasema. "Hakisemi lolote juu ya mama mkwe."

"Basi kitabu hicho hakijaoa," akasema mtunza stoo.

Mkuu alikuja mbio, jasho linamtiririka. "Umeona nini wewe? Umeona chui?"

"Mama mkwe, Mkuu," kijana akajibu kutoka kwenye mtama, uso bado ameugeuza.

Mkuu akajifuta jasho. Naye ni Msukuma, na kwake kuna mama mkwe.

"Alikuwa umbali gani?"

"Hatua tano."

"Tano," akasema Mkuu, akatafuta kiti. "Hapo hapakuwa na la kufanya."

Wapinzani wakapata pointi katika zamu ya nyongeza iliyofuata, na nafasi ikaenda Geita.

Lori halikurudishwa. Lilikuwa limeshaidhinishwa, na Kamati iliona si uungwana kuifedhehesha idhini. Wakaenda Mwanza wote, kwaya na bango, kama waangalizi, wakarudi wamenenepa. Siku waliyorudi wakaamuru uwanja ulimwe. Magunia yalipasuliwa, na mbegu zilizokuwa ndani zikapandwa pale pale yalipokuwa yamelala.

Asubuhi Mwalimu alipoondoka nilikwenda na yule kijana kumbebea mizigo. Mipapai ilikuwa imezaa. Matunda madogo, magumu, ya kijani. Kijana alimkabidhi kuku aliyefungwa miguu.

"Mama mkwe amekuletea, Mwalimu. Anashukuru kwa malezi. Anasema hajaona chuo kinachofundisha vijana heshima kama hiki."

Mwalimu alimpokea kuku kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa.

"Ungejua kuhusu papai langu," akauliza, "ungenyoosha mpaka kwenye mfuniko?"

Kijana alifikiri kweli kweli. Ndiyo maana nilimpenda.

"Hapana, Mwalimu."

"Sawa," akasema Mwalimu. Alimbana kuku kwapani, akainama akaisalimia mipapai yake mmoja mmoja, "mwadila, mwadila," ingawa ilikuwa asubuhi. Mtunza stoo, aliyepewa nyumba ile na Kamati, alikuwa ameshaingia kwa uani na kitanda chake. Alimtazama Mwalimu mpaka akafika barabarani, kisha akatazama mapapai, akaufunga mlango.