Paka, Kochi na Maneno Kumi na Moja ya Bibi

Saa moja na nusu asubuhi, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu amepiga magoti sebuleni, anaparura gogo kwa kucha zake mwenyewe.

Gogo lina kimo cha mtoto wa miaka miwili na limezungushiwa kamba ya katani kutoka chini hadi juu. Anaparura, anatua, anamtazama paka. Paka anamtazama yeye, anapiga miayo, kisha anajinyoosha na kuelekea kwenye kochi.

"Umeona dharau hiyo?" anamuuliza mwandishi wa habari hii bila kugeuka. "Kucha zangu mbili zimeshavunjika. Zake ziko salama salimini."

Majirani wa ghorofa hii humwita Mama Funguo, maana amefanya kazi hapa miaka kumi na miwili na funguo zote za nyumba ziko kiunoni kwake. Anapika, anafua, anamwogesha Bibi, mwenye nyumba, aliyetimiza miaka themanini. Paka anaitwa Mwenyekiti kwa sababu hajawahi kuona kiti asikikalie.

Kazi inayomtoa jasho sasa si ile aliyoajiriwa nayo. Anatakiwa kumfundisha paka huyu, asiyejua nje kukoje, kunolea kucha kwenye gogo badala ya kochi. Amepewa mpaka Jumapili. Siku hiyo atakuja binti wa Bibi, ambaye Mama Funguo humwita bosi, na kikapu chenye mlango. Paka akiwa hajaacha, ataondoka naye na hatarudi.

Bosi si mtu mbaya, na Mama Funguo hulisema hilo kabla hajaulizwa. Kochi hilo amelivisha kitambaa kipya mara tatu. "Hata mimi ningechoka," anasema.

Lakini bosi haishi hapa, na hajasikia kinachosikika hapa. Mwaka jana Bibi alipata kiharusi. Miguu ilirudi kidogo, ulimi ukagoma. Kwa miezi minne nyumba ilikuwa kimya, mpaka asubuhi moja Mwenyekiti alipokuwa ameng'ang'ania mkono wa kochi, sauti ikatoka kwenye kiti cha dirishani: "Shuka."

"Niliangusha sufuria," Mama Funguo anakumbuka. "Nikakaa chini pale pale jikoni, nikalia."

Tangu hapo Bibi amepata maneno kumi na moja. Mama Funguo ameyaandika nyuma ya kalenda, kila moja na tarehe yake: shuka, wewe, njoo, mbaya, basi na mengine. Yote humwambia paka. Hakuna binadamu aliyeambiwa hata moja. Bosi akipiga simu, Mama Funguo humwekea Bibi sikioni, naye Bibi hufunga mdomo kama aliyetiwa gundi.

"Bosi anadhani namfariji tu. Ananiambia, 'Asante kwa moyo wako, dada.' Sasa hapo nijibu nini?"

Kinachomuuma zaidi ni kwamba alikuwa ameshafaulu. Fundi makochi alilichukua kochi akaahidi siku tano, na kama ilivyo ada ya mafundi, zikawa wiki sita. Kabla fundi hajaondoka, Mama Funguo alimwomba kipande cha kile kitambaa kipya, akalivisha gogo ili lipendeze sebuleni.

Akaliweka karibu na anapolala paka, kwa kuwa paka akiamka hujinyoosha na kutafuta pa kunoa kucha. Kila alipoligusa, alipewa kipande cha samaki. Siku ya tisa Mwenyekiti alikuwa analiendea mwenyewe bila kuambiwa. Mama Funguo akampigia bosi simu, akajisifu.

Alhamisi iliyopita kochi likarudi.

"Alilinusa, akaona ni kitambaa kile kile nilichomfundisha," anasema. "Akaliparura vizuri kabisa. Alipomaliza akanigeukia, anasubiri samaki."

Anacheka kidogo, halafu hacheki tena. "Majuto ni mjukuu. Wangu kazaliwa na kucha."

Usiku ule ule alikibandua kitambaa kwenye gogo akafunga kamba. Samaki mkunje angali mbichi, lakini huyu ana miaka tisa na amekauka kitambo.

Jambo la pili hakuliona mpaka Jumatatu, alipoigeuza kalenda. Kwa zile wiki sita ambazo paka alikuwa na adabu, hakuna neno lililoandikwa. Bibi alikuwa amekaa dirishani bila kutamka chochote, na yeye, kwa furaha ya gogo, hakugundua.

"Paka akifunzika, Bibi ananyamaza. Asipofunzika anachukuliwa, Bibi ananyamaza. Mwanangu uliyesoma, niambie nifanye nini."

Mama Funguo anarudisha kucha kwenye kamba. Anaendelea kuparura gogo kila asubuhi kwa sababu aliahidi. Matumaini yake ameyapunguza mpaka yametosha Jumapili moja: atalificha gogo chumbani, ataliacha kochi wazi, atamkalisha bosi kimya pembeni, na kuomba Mungu paka awaaibishe mbele yake, ili Bibi amkemee.

Tatizo ni kwamba Mwenyekiti aliwahi kupelekwa na bosi kwa daktari ndani ya kikapu kile. Akisikia sauti ya bosi mlangoni, huingia chini ya kitanda na kutoka jioni.

"Najua," anasema. "Lakini sina jingine."

Nyuma yake kucha zimezama kwenye kochi, na uzi mwingine unakatika. Mwandishi anainuka kumfukuza paka. Mama Funguo anamshika mkono.

"Shuka," sauti nzito inasema kutoka dirishani. "Wewe. Shuka."

"Mwache kwanza," Mama Funguo ananong'ona. "Bibi bado anaongea."