Jinsi Chemchemi ya Akheri Ilivyochakaa kwa Maandishi

Nilikwenda Akheri kwa sababu ya fomu. Ilikuwa miaka ile mali za mashirika ya umma zilipoanza kuuzwa kwa watu binafsi, na shirika letu lilikuwa na shamba la kahawa kwenye miteremko ya Mlima Meru. Mnunuzi alikwishapatikana. Kabla ya kutia saini alitaka kila kilichomo ndani ya mipaka kithaminiwe, si matrekta na nyumba tu, bali miti na chemchemi pia. Alisema hiyo nayo ni mali, na ukitafakari hakukosea. Tatizo ni kwamba ofisi ilikuwa na fomu ya aina moja tu, ile ya meza na viti.

Saa mbili asubuhi, Arusha mjini, mkuu wangu wa kazi alinikabidhi fomu, kopo la rangi nyekundu na brashi.

"Kila kitu kipakwe namba," alisema. "Kisicho na namba hakiuziki."

"Hata chemchemi, mzee?"

"Chemchemi ni kitu au si kitu?"

"Ni kitu."

"Haya. Safari njema."

Saa nne nilikuwa Tengeru. Pikapu ya ofisi iliniacha hapo kwa kuwa mvua ilikuwa imeharibu njia, nikapanda kwa miguu. Kwa msomaji ambaye hajafika Umeruni: ni migomba juu ya kahawa, kahawa juu ya maharage, na katikati ya vyote hivyo mfereji mwembamba unaopita nyuma ya kila jiko. Mifereji hiyo haikuchimbwa na serikali. Ilichimbwa kwa majembe ya wenyeji, na ndiyo inayosafishwa kwa majembe hayohayo mpaka leo.

Mpaka saa sita nilikuwa nimepaka namba miti mingi ya kivuli ambayo shirika lenyewe liliipanda. Kazi ilikwenda vizuri, isipokuwa ng'ombe mmoja alijikuna kwenye mti namba kumi na nne kabla rangi haijakauka. Mwenye ng'ombe alinifuata mbio.

"Kaka, ng'ombe wangu ana namba ya shirika ubavuni. Ameshauzwa?"

Nilimweleza taratibu kwamba namba iliyosomeka kinyume haihesabiki. Aliridhika nusu.

Saa nane nikafika kwenye chemchemi. Ilitoka chini ya jiwe, ndani ya mpaka wa shamba, ikaingia mferejini na kuteremka hadi kwenye kaya za chini. Hapo nilimkuta Mama Anaeli, katibu wa kamati ya mfereji, akizibua majani kwa jembe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ndiwe unayepaka miti rangi kama kuta za kilabu? Kwa lafudhi hiyo wewe Mchaga. Nyie mtauza hata ukungu."

Nilicheka, kisha nikamweleza kazi yangu, maana napenda mtu aelewe. "Ukitaka kujua thamani ya kitu, mama, jiulize: kisingekuwepo, ungefanya nini?"

"Ningekwenda mtoni, nirudi mchana."

"Na migomba?"

"Ingekauka. Na ng'ombe ningewauza, maana nani atawatekea?"

"Umeona? Hii chemchemi ina thamani kuliko vyote vilivyomo shambani!"

Nilifurahi kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake amepata. Yeye hakufurahi.

"Na mnunuzi akisoma hivyo, atafanya nini?"

Nilifikiri. "Ataweka uzio."

Mama Anaeli aliweka jembe chini, akapaza sauti kwa Kimeru kuelekea bondeni. Baada ya nusu saa walikuja majirani, wakaanza kuiponda chemchemi yao kama mtu anayeponda ng'ombe wa mwenzake mnadani.

"Tazama meno yangu," alisema Mzee Nderingo, akifungua mdomo. Yalikuwa ya rangi ya chai. "Ni haya maji. Nilikuwa na meno meupe kama ya Mzungu."

"Maharage hayaivi kwa maji haya," alisema mama mmoja huku akinimiminia chai iliyochemshwa kwa maji hayohayo. Ilikuwa tamu sana.

"Mume wangu aliyaoga, akawa mvivu."

"Mumeo alikuwa mvivu tangu siku ya ndoa!" mwingine akadakia. "Hata 'ndiyo' ya kanisani mchungaji alimsemea."

Niliwaambia kwa upole kwamba fomu haina nafasi ya waume. Ina nafasi ya umri.

"Ilinunuliwa lini?" nikauliza.

"Babu yangu aliikuta," alisema Mzee Nderingo. "Na babu yake yeye aliikuta."

Nikageuza fomu kusoma maelekezo. Kitu hupungua thamani sehemu moja ya kumi kila mwaka kwa sababu ya uchakavu. Nikapiga hesabu mara mbili. Chemchemi ile ilikuwa haina thamani yoyote tangu kabla Wajerumani hawajafika. Na maelekezo yaliendelea: kitu chakavu kisiuzwe pamoja na mali nyingine, bali wapewe majirani wahitaji kwa stakabadhi, mradi wakiondoe shambani ndani ya siku saba.

"Siku saba," nilisoma kwa sauti ndogo.

Mama Anaeli aliyatazama maji yakimpita miguuni, yakivuka mpaka wa shamba.

"Mbona yameshaanza kuondoka?"

Akasaini stakabadhi hapohapo: *Tumepokea chemchemi moja, chakavu. Inatoka.*

Kesho yake, ofisini, mkuu wangu alisoma muda mrefu.

"Imechakaa?"

"Kwa mujibu wa fomu, mzee."

"Lakini maji yanatoka?"

"Sana."

Alitafuta nafasi ya kuandika mashaka yake. Haikuwepo. Akagonga muhuri.

Miezi michache baadaye nilirudi Akheri kupeleka nakala ya stakabadhi. Nilichojifunza nilikikuta mferejini. Hesabu yangu ya kwanza ilikuwa sahihi, ila niliishia njiani: baada ya kuuliza kitu kina thamani gani, nilipaswa kuuliza nani anakitunza. Mnunuzi hakuweza kuosha kahawa yake bila maji, akamwendea Mama Anaeli kuuliza bei.

"Haina thamani, baba, soma karatasi yako," alijibiwa. "Zamu yako Jumamosi. Njoo na jembe."

Nilimkuta mnunuzi ndani ya mfereji, kwenye buti mpya, kati ya Mzee Nderingo na mume mvivu, akitoa tope. Alikuwa akitoa tope zaidi ya yule mume.