Bati Nyuma ya Diski

Fundi alilikata lile bati kwa mkasi wa mabati, akalivuta kwa koleo na kulitupa kwenye rundo la vyuma chakavu nyuma ya gereji yake, pale Buguruni. Kazi yote haikufika dakika kumi. Nilikuwa nimempelekea gari kwa sababu gurudumu la mbele kushoto lilikuwa linakwaruza, sauti kama ya mtu anayeparua ukoko wa wali. Alipolifungua akanionyesha kisa chenyewe: kokoto ilikuwa imenasa kati ya diski ya breki na bati jembamba la mviringo linaloikinga kwa nyuma.

"Si ungetoa kokoto tu?" nikamuuliza.

"Kesho itaingia nyingine. Mie haya yakikwaruza nayatoaga. Hili ni kava tu, halishiki breki."

"Sasa kwa nini waliliweka?"

"Kule kwao kuna theluji, wanamwaga chumvi barabarani. We msomi, Chamazi kuna theluji?"

Mafundi wawili waliokuwa wamelala chini ya gari la jirani wakacheka. Na mimi nikacheka. Gari lilikuwa limenyamaza, na hilo ndilo nililolifuata.

Sikufika mbali kabla ya kicheko kuniisha. Chamazi hakuna theluji, lakini kuna mchanga, kuna matope, na barabara ya kwetu lami inaisha mapema kuliko nyumba. Aliyebuni gari, nilijiambia, hawezi kupoteza bati kwa kila gurudumu bila sababu. Au anaweza? Suruali nazo zina vifungo visivyofunga kitu.

Ningeliacha hapo kama gari lingekuwa langu la kuzururia. Lilikuwa la shemeji, dereva wa malori ya masafa, ambaye kwa wakati huo alikuwa njiani kuelekea mpakani. Dada yangu alikuwa na mimba ya miezi minane, na mama yetu ameshafika kutoka Masasi kumsubiri mjukuu. Nilikuwa nimemaliza shahada ya takwimu, nina zaidi ya mwaka sina ajira, nakaa kwao. Kazi yangu iliyokuwa na uhakika ilikuwa moja: uchungu ukianza, nimfikishe dada hospitali salama.

Nikaanza kuuliza mtandaoni. Wengine walisema magari ya mashindano huondolewa mabati hayo ili breki zipoe haraka. Wengine walisema bati huzuia maji na uchafu visirukie upande wa ndani wa diski. Mmoja aliandika kwamba linakinga pia mipira ya jointi isiunguzwe na joto la breki. Kilichonisumbua ni kwamba wote walionekana kusema kweli.

Basi nikafanya nilichofundishwa. Gurudumu la kulia bado lilikuwa na bati lake, la kushoto halina. Dereva ni yule yule, barabara ile ile, mvua ile ile. Kila asubuhi nilichuchumaa na kuingiza simu nyuma ya magurudumu, nikapiga picha.

"Unampiga picha nani huko?" dada aliuliza kutoka barazani.

"Breki."

"Mie na tumbo lote hili hujanipiga hata moja."

Baada ya wiki tatu za mvua, uso wa ndani wa diski ya kulia ulikuwa laini kama sahani. Wa kushoto ulikuwa na mistari, duara ndani ya duara. Asubuhi, nikikanyaga breki kwa mara ya kwanza, upande ule ulisita kidogo kabla ya kushika. Gurudumu moja dhidi ya jingine halithibitishi chochote, mwalimu wangu angenicheka. Lakini mwalimu hakuwa na mtu wa kumpeleka leba.

Nikarudi Buguruni. Fundi akatoa pedi ya breki ya upande wa ndani, akapitisha kidole gumba juu yake. Chembe za mchanga zilikuwa zimejichimbia humo.

"We unapita wapi na hili gari?"

"Chamazi, kule ndani."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Sikumwambia kwamba kuna dimbwi karibu na nyumbani ambalo asubuhi moja nililipita mara sita, kwa ajili ya utafiti.

"Mtu wa lami, hili kwake urembo," alisema. "Kwa njia yako, sawa, lina kazi."

Akatafuta bati kuukuu la gari kama letu, akalikata upande mmoja, akalipanua kama kola ya shati na kulivisha mahali pake bila kufungua beringi. Akabadilisha na pedi.

Uchungu ulianza Jumamosi asubuhi, mvua ikiwa imetoka kukatika. Dada na mama walikaa nyuma. Kila tulipovuka maji nilikanyaga breki kidogo, niikaushe na kuhakikisha inashika. Tulipovuka dimbwi la nne dada akanishika bega.

"Ukikanyaga hiyo breki mie naisikia huku chini. Acha."

"Naijaribu tu."

"Mwanangu," mama akasema, "ilijaribiwa jana, ikajaribiwa juzi. Mwenzio anaumwa."

Nikaacha. Kwa mwendo wote uliobaki mguu wangu ulielea karibu na ile pedeli bila kuigusa pasipo haja, na hakuna jambo gumu nililowahi kulifanya kuliko hilo. Kila nilipolazimika kusimama, nilibonyeza taratibu kama mtu anayeweka yai mezani, na gari likasimama. Getini mlinzi aliinua mkono, likasimama tena, wala dada hakulalamika.

Kabla ya adhuhuri mama alitoka kuniambia ni mtoto wa kike, wote wazima. Muda si mrefu shemeji akapiga simu. Aliuliza habari ya mkewe, nikamjibu. Kisha nikaanza kumweleza kuhusu bati, kwamba breki zilishika vizuri, ila siwezi kusema kwa hakika kama ni bati au ni pedi mpya, kwa kuwa tuliviweka siku moja.

"Mtoto anafanana na nani?" akanikatiza.

Nilikuwa nimechuchumaa kando ya gurudumu la kushoto. Nikamwambia asubiri kidogo, nikanawa mikono na kwenda kumwangalia.