Tanga la Miavuli, Ziwa Masoko

Mke wangu na baba yangu walitengeneza chombo kimoja cha tanga kwa miezi minane bila kuonana uso kwa uso. Mgeni akisikia hivyo hudhani walikuwa na ugomvi. Wala. Kwetu Unyakyusa mke wa mtu hakutani na baba mkwe wake. Humkwepa kwa heshima, na desturi hiyo tunaiita kutila. Tukuyu mjini wengi wameshaiacha. Baba hakuiacha, na mke wangu, mzaliwa wa Masoko, hakutaka kuonekana hana adabu. Baba akija kwetu alianza kukohoa tangu kwenye migomba ya jirani, naye mke wangu alijitanda khanga na kutokea mlango wa nyuma, chungu kikiwa bado motoni.

Mimi nilitaka kitu kimoja tu: baba amsemeshe mke wangu kabla hajafa. Alikuwa mzee, kifua kinambana, na nilijua hatuna muda mrefu.

Chombo kilianzia kwenye simu. Tuliona video ya watu wanaoshindana mbio za matanga, wanakimbia juu ya maji kana kwamba wamefukuzwa na nyuki. Mke wangu, fundi cherehani asiyevua mkasi wake shingoni, akasema, "Pale siri ni mshono tu." Nikamwonyesha baba, seremala tangu ujana wake. Akasema siri ni mbao. Basi kazi ikaanza, nami nikawa tarishi.

Baba alichonga mitumbwi miwili myembamba, akaiunganisha kwa mianzi. Mke wangu alikusanya miavuli mibovu, na kwa mvua za Tukuyu miavuli mibovu haikosekani. Akafumua vitambaa na kuviunga upya kwa kuvipinda kidogo kidogo, kama anavyokata gauni la mwanamke mwenye kifua, ili tanga lipate tumbo la kushika upepo. Baba alipoliona limeanikwa akaguna.

"Gwe, mwambie huyo fundi wako tanga si gauni la harusi. Upepo unataka kitu bapa kama mlango."

Nikafika nyumbani nikasema, "Baba amelisifu sana, ila anaona tumbo lipungue kidogo."

"Kamwambie hata milango yake haifungi," akajibu mke wangu.

Kwa baba yakafika hivi: "Anashukuru kwa ushauri." Nilijiona mjanja. Kwa kweli nilikuwa mwoga tu. Hata hivyo naziwazia siku zile kwa hamu kubwa, maana nilikuwa naenda na kurudi kati ya watu wawili ninaowapenda, na kila nikifika, swali lilikuwa lile lile: "Kasemaje?"

Tumbo la tanga likapunguzwa, likarudishwa, likapunguzwa tena. Kila jaribio, simu tuliyoifunga kwenye mfuko wa nailoni ilituambia mwendo. Mke wangu ndiye aliyeendesha. Ni mwepesi na anajua kuogelea, wakati mimi nikitumbukia, tutaonana mbinguni. Baba alikaa juu kwenye ukingo wa ziwa, nyuma ya vichaka. Alisema yeye anatazama tanga, hatazami mtu.

Jioni moja aliniambia, "Kesho asiifunge kamba ya tanga. Aishike mkononi. Upepo wa Masoko unashuka ghafla. Lakini ataelewa wapi, kichwa kimejaa nyuzi."

Ile ya nyuzi iliniudhi. Nikaamua kutoifikisha, na onyo la kamba nalo likabaki kwangu.

Asubuhi mke wangu akaifunga kamba, kama alivyozoea, ili mikono yote ishike kasia la usukani. Chombo kikaondoka kwa kasi ambayo hatukuwahi kuiona, nami nikarukaruka ufukweni kama mwehu. Ndipo upepo ukashuka. Mtumbwi mmoja ukainuka juu ya maji, mlingoti ukapinda, chombo kizima kikaelekea kwenye mawe ya ng'ambo. Mke wangu alihangaika na fundo lililokazwa na maji.

"Mwanangu!" Baba alikuwa ametoka vichakani, amesimama peupe. "Mwanangu, achana na fundo! Mkasi uko shingoni kwako! Kata!"

Mke wangu akainua uso wake, hauna khanga, akamtazama.

"Ndiyo, tata!" akaitika, yaani baba.

Akakata. Tanga likapepea ovyo, mtumbwi ukarudi majini, chombo kikasimama hatua chache kutoka kwenye mawe. Baba akageuka haraka na kushika njia ya nyumbani, akikohoa njia nzima ingawa hapakuwa na mtu. Hawakusemezana tena; baba alitutoka kabla ya masika kwisha.

Mke wangu alifika ufukweni na kipande cha kamba mkononi.

"Alijua kwamba kamba nimeifunga," alisema. "Alikwambia uniambie?"

Nikakiri. Akauliza mengine, nami nikamtolea yote: gauni la harusi, mlango, kichwa kilichojaa nyuzi. Kwenye nyuzi alicheka mpaka akakaa chini kwenye matope. Kisha akalia.

"Miezi minane baba mkwe wangu ananisemesha," alisema, "wewe umeyakalia. Hata matusi yake yalikuwa yangu."