Darasa Lisilo na Hapana

Nikiulizwa nilianzia wapi ualimu, husema nilianzia chuo kikuu, nikiwa mhadhiri msaidizi mwenye tai moja. Si kweli. Nilianzia Homa Bay, miaka michache baada ya uhuru, katika chumba cha mabati nyuma ya kanisa, nikiwafundisha viziwi kumi na mmoja lugha wasiyoijua, kwa njia ambayo mimi mwenyewe sikuielewa. Mwanafunzi mmoja aliyashika masomo yangu kuliko wenzake wote. Ni yeye niliyemharibia maisha.

Ilikuwa likizo ndefu. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, na mzee wa kanisa mwenye mwana chuo kikuu hapendi majirani wamwone mwana huyo akiamka saa nne asubuhi. Mama mmoja Mzungu, mmisionari, ndiye aliyekuwa ameanzisha darasa la viziwi, naye alikuwa amekwenda kwao kwa miezi mitatu. Kwenye taarifa ya kanisa waliandika kwamba nimejitolea. Nilitolewa, na baba.

Yule mama aliniachia ufunguo, kengele ya shaba na kijitabu chenye picha za midomo. Kengele sikuuliza ilikuwa ya nani. Niliigonga kila asubuhi saa mbili, na wanafunzi wangu, ambao walikuwa wameketi tangu saa moja na nusu, walinitazama kwa upole nikiigonga.

Kijitabu kilikuwa na sheria mbili. Ya kwanza: kiziwi asome midomo. Ya pili: mikono isitumike kabisa, kwa kuwa mwenye kuzoea ishara hatajifunza kusema kamwe. Kwa hiyo wanafunzi walikalia mikono yao, viganja chini ya mapaja, saa nne kwa siku. Midomo waliyosoma ilikuwa ya Kiswahili, maana mmisionari alijua Kiswahili na hakujua Dholuo, lugha ya kwetu. Watu hawa walikuwa wametoka Lambwe, Mbita na kando ya Migori, katika nyumba ambazo hata wenye masikio walikutana na Kiswahili sokoni tu au mbele ya karani wa chifu. Mimi mtoto wa hapo hapo nililiona jambo hilo siku ya kwanza. Nikaona pia kwamba kijitabu kimepigwa chapa Ulaya, nikanyamaza.

Nilisimama mbele yao nikavuta midomo kama mtu anayetafuna muwa. "Hii ni meza. Mmeelewa?" Na nilipouliza kama wameelewa, nilitikisa kichwa changu juu chini ili kuwatia moyo. Nao wakatikisa vyao. Aliyetikisa nilimtabasamia na kupita kwa mwingine. Asiyetikisa nilimrudia, meza, meza, meza, mpaka jasho likamtoka. Baada ya wiki moja hapakuwa na asiyetikisa. Nilimwandikia mmisionari barua kwamba darasa linakwenda vizuri sana.

Bora wao wote alikuwa mjane mmoja wa miaka ishirini na mitano hivi. Alizaliwa bonde la Lambwe, akapoteza masikio kwa homa ya uti wa mgongo, kisha malale yakamchukua baba na mama, kwa hiyo kwao hapakuwa tena na mlango wa kubisha. Aliolewa upande wa Osiri. Mumewe alikuwa akichimba dhahabu kwenye mashimo ya huko, na mvua za masika zikamfukia humo pamoja na sururu yake. Alibaki na mama mkwe na binti wa miaka minne. Jirani yao, kiziwi pia, alikuwa amebatizwa kanisani kwetu na kurudi nyumbani na gauni jeupe, na huyu mjane akataka ubatizo kama ule. Mama mkwe, ambaye hakuwa mtu wa kanisa, alimruhusu aje mpaka mtama uive. Mtoto akabaki kwa bibi yake.

Palikuwa na mlinzi wa kanisa, mwanamume wa miaka hamsini aliyefiwa na mke. Sina neno baya juu yake. Aliwachotea maji wanafunzi wa bweni na kufagia darasa bila kuambiwa. Siku moja alikwenda kwa mchungaji, akasema angependa kumwoa yule mjane.

Mchungaji alifurahi, na furaha yake ilikuwa na sababu. Kanisa lilikuwa linapigana na desturi ya mjane kurithiwa na ndugu wa marehemu, na hapa palikuwa na mjane ambaye shemeji yake angekuja kumdai wakati wowote. Ndoa ya pete ingemaliza maneno. Kitu kimoja tu kilitakiwa: akubali mwenyewe. Nikaitwa ofisini kutafsiri.

Aliketi kwenye kiti, akakalia mikono yake kama nilivyomfundisha. Mlinzi alisimama mlangoni na kofia mkononi. Nikavuta midomo, nikamwuliza kama anakubali kuolewa na mtu huyu. Nilikuwa natabasamu. Kichwa changu kilikuwa kinakwenda juu chini.

Akatikisa kichwa.

Mchungaji aliuliza mara tatu, kwa sababu alikuwa mtu mwangalifu. Mara tatu akakubali. Nilitoka pale nikijiona mtu aliyeondoa ukuta uliosimama tangu dunia iumbwe. Ndoa ikatangazwa kanisani Jumapili tatu mfululizo: mwenye kujua kizuizi, aseme. Jumapili zote tatu bibi arusi alikuwa kwenye benchi la pili, akiangalia njiwa waliokuwa wakitembea juu ya boriti.

Alhamisi kabla ya ndoa, mama mkwe akafika. Habari ilikuwa imemfikia sokoni. Alikuja na basi kutoka Migori akiwa na mjukuu mgongoni, akaketi kwenye ngazi ya darasa, akawasha sigara na kuiingiza mdomoni upande wa moto, kama walivyovuta bibi zetu wote. Mjane alipomwona alitoka darasani mbio. Akamchukua mtoto, kisha, huku amempakata, akaanza kusema kwa mkono mmoja.

Nilikuwa sijawahi kumwona akisema. Mkono ulikwenda kasi, ukachora nyumba, ukachora mtama, ukamcheka mtu fulani. Mama mkwe alijibu kwa viganja na mabega na nyusi. Walicheka. Kisha yule mama mzee akauliza jambo, na mjane akaonyesha gauni, akaonyesha maji yakimwagwa kichwani, akaonyesha barabara ya kwenda kwao.

Mama mzee aliitoa sigara mdomoni.

"Mwalimu," akaniambia kwa Dholuo, "huyu anasema Jumamosi anabatizwa, halafu tunarudi nyumbani pamoja. Wewe umemwambia nini?"

Nikamwita dani, kama tunavyowaita bibi zetu, nikamweleza kwa heshima kwamba ameulizwa mara tatu akakubali mara tatu.

"Alikubali kwa mkono gani?"

Nikasema kwa kichwa.

"Mwulize kama yeye ni samaki," akasema.

Nikadhani ananitania. Hakuwa anatania. Nikamgeukia mjane, na mara tu aliponiona nikivuta midomo alimshusha mtoto, akaketi kwenye ngazi, akaingiza viganja chini ya mapaja. Nikamwuliza, kwa Kiswahili safi, kama yeye ni samaki. Akatikisa kichwa. Aliniangalia usoni kwa bidii, akingoja tabasamu.

"Huyu hapana anaijua," mama mzee akasema. "Shemeji yake alipokuja kutaka kumrithi, alimfukuza kwa mwiko mpaka kwenye mto, na mimi nilisimama nikamshangilia. Darasa lako ndilo halina hapana, kijana wangu."

Alasiri hiyo hiyo nilikwenda kwa mchungaji. Nataka nijipe haki hiyo ndogo: nilikwenda. Nilimweleza habari ya samaki. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza maswali ambayo sikuwa nimejiandalia majibu. Kama kukubali kwake si kukubali, je, ubatizo wa wale viziwi sita mwaka uliopita ulikuwa nini? Amwandikie nini mmisionari, ambaye barua yangu inamwambia darasa linakwenda vizuri sana? Nikamwomba amwite mama mkwe atafsiri. Akasema mama mkwe ni mtu mwenye faida yake: anataka mikono ya kulima. Tena si mshirika, na ishara haziruhusiwi kanisani, sheria ambayo nimeisimamia mimi miezi miwili.

Nikamwuliza habari ya mtoto. Sote wawili tulijua. Ng'ombe wa mahari walikwisha kulipwa. Mjane akienda kwa mume wa ukoo mwingine, mtoto anabaki kwa baba yake, hata baba akiwa chini ya udongo.

"Kijana," alisema hatimaye, "nitamwuliza tena mbele ya madhabahu. Akikataa, nafunga kitabu. Nakuahidi. Wewe ndiwe utakayemtafsiria."

Nilitoka nimefarijika. Nilijiambia jambo ni rahisi: nitauliza bila kutikisa kichwa. Kwa siku mbili nilifanya mazoezi mbele ya kioo cha baba, nikitamka maneno ya kiapo huku shingo imekaza kama ya askari. Kwa nini sikukaa naye kwenye ngazi na mama mkwe wake, tukamweleza yote kwa mikono? Siku mbili zilitosha. Jibu ninalo, na si zuri: niliona haya kuonekana nikipunga mikono uani pa kanisa, mimi msomi. Mama mzee alijaribu mwenyewe. Kila alipofika bwenini, akina mama wa kanisa walimwambia bibi arusi yuko katika maombi.

Jumamosi kanisa lilijaa. Alibatizwa kwanza, kama sheria ilivyotaka, akiwa na gauni jeupe lililoshonwa na akina mama hao. Maji yalipomwagika kichwani aliangua sauti ya furaha, nene, isiyo na umbo, na watu wa mabenchi ya nyuma wakacheka kidogo. Alifikiri imekwisha. Akageuka kwenda kuketi, na mama mmoja akamshika mkono kwa upole, akamrudisha mbele. Mlinzi alikuja akasimama kando yake, na koti la kuazima.

Mama mkwe alikuwa nje, kwenye dirisha la kulia, mtoto akiwa begani. Mjane alikuwa ameligeuzia dirisha mgongo. Ingetosha nimguse bega na kumwonyesha.

Mchungaji akasoma swali. Kanisa lote likanitazama, baba akiwa benchi la mbele na tai yake ya Pasaka. Nikavuta midomo. Nilisema maneno yote, polepole, na shingo ilikaa kama nilivyoizoeza. Hakujibu. Alitafuta kichwa changu kwa macho yake. Alikuwa ananingojea. Kimya kile kilirefuka, mtu akakohoa, mchungaji akainua macho kutoka kwenye kitabu, nikamwona baba akianza kukunja uso.

Nikatikisa kichwa.

Nimewahi kuwasimulia watu kwamba kilitikisika chenyewe, kwa mazoea. Msomaji asiniamini nikisimulia hivyo. Nilikitikisa.

Naye akatikisa chake, mara mbili, kwa nguvu, akifurahi kwamba hatimaye mwalimu amemkumbuka. Alipovishwa pete aliitazama pete, akamtazama mwanamume, kisha akanitazama mimi. Nilikuwa nimeinama natafuta ukurasa wa wimbo.

Jumatatu nikarudi chuoni.

Yaliyofuata aliniandikia baba, kwa mistari michache. Mjane alitoroka mara moja, akatembea siku mbili mpaka kwao Osiri. Mama mkwe alimpikia, akamlaza usiku mmoja, lakini wazee wa boma wakasema mwanamke aliyevalishwa pete na mwanamume mwingine hawezi kuwasha moto katika nyumba ya marehemu, ataleta mauti. Wakamrudisha. Mtoto alibaki. Mlinzi alimpokea bila neno.

Nilirudi Krismasi. Mmisionari naye alikuwa amerudi, akanishukuru mbele ya watu. Kisha nikamwona mjane nyuma ya kanisa, akianua dagaa wa omena juu ya nyavu kuukuu, tumbo likiwa limeanza kuonekana. Nilisimama mbele yake, nikaangalia kushoto na kulia kama hakuna anayeniona, na kwa mara ya kwanza nikainua mikono. Nilijaribu kuonyesha mtoto, na mimi, na moyo. Sijui nilisema nini hasa. Nilikuwa sijajifunza.

Alinitazama mpaka nilipoishiwa. Nikaongeza midomo, kwa kuchanganyikiwa, nikamwomba anisamehe, na hata wakati huo, Mungu ananiona, kichwa changu kilikuwa kinakwenda juu chini.

Akafumba macho. Hakugeuka, hakuondoka. Alisimama pale pale, uso ukinielekea, mikono yake imejaa omena, akayafumba kabisa. Nilibaki mbele yake nikisema na kupunga, mpaka nikatambua kwamba hakuna ninachoweza kumwambia tena, nikaondoka. Nilipofika kwenye kona nikatazama nyuma. Alikuwa bado ameyafumba.